Kulihifadhi Jino Lililotoboka: Uchambuzi kwa Watu wa Ufuko wa Rumonge

Katika ufuko wa Tanganyika ulio upande wa Burundi, tangu Bujumbura kushuka Rumonge hata Nyanza-Lac, mtu aumwaye na jino aghalabu humfikia tabibu akiwa amekwisha kulihukumu jino lake nyumbani, na hukumu yenyewe ni moja: ling'olewe. Hawezi kulaumiwa. Amekesha akisugua ufizi kwa chumvi na karafuu, wenzake wameingia ziwani kuvua bila yeye au genge lake sokoni limefungwa, na koleo humwahidi jambo ambalo tiba nyingine haimwahidi, yaani kumaliza shughuli kwa kikao kimoja na kwa gharama anayoijua kabla hajaketi. Lakini gego hilo linalotupwa leo katika bakuli la chuma halikuwa katika hali hiyo miezi michache iliyopita. Lilikuwa na tundu, lilisisimka kwa maji baridi, lilinasa vipande vya chakula, na uhai wake wa ndani ulikuwa bado salama. Uchambuzi huu unakusudia kukaa juu ya jino la namna hiyo, lililoharibika kiasi na lisilokufa, kwa sababu hapo ndipo uchaguzi ulipo, na kwa sababu uchaguzi huo katika Rumonge haufanani na ule unaomkabili mgonjwa wa Paris au Chicago.

Yafaa kwanza tujue mipaka ya uharibifu wenyewe. Jino lina tabaka tatu: gamba la nje, liitwalo enameli, ambalo ni gumu kuliko mfupa wowote wa mwili na halina hisia, chini yake dentini, iliyo laini zaidi na yenye vijitundu vyembamba visivyoonekana kwa macho, na katikati kabisa kiini, chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo inapozidi kiasi, madini ya gamba huanza kuyeyuka. Mate huyarudisha madini hayo polepole, maadamu kinywa kinapewa nafasi ya kupumzika baina ya tonge na tonge. Uozo ukishinda hulipita gamba, na ukiingia katika dentini huenea kwa pembeni, ndiyo maana tundu dogo kwa juu huweza kuficha pango kubwa kwa chini. Maumivu ni shahidi mwaminifu hapa kwa mtu anayejua kumsikiliza. Jino ambalo husisimka kwa kitu baridi au kitamu kisha likatulia mara kitu hicho kikiondoka, kiini chake yamkini kingali kizima na laweza kuzibwa. Jino linalouma bila ya kuguswa, likapiga pamoja na mapigo ya moyo na kukuamsha usiku, kiini chake kimekwisha kushambuliwa, na hilo linahitaji tiba ya mzizi au koleo. Mpaka wa pili hauhusu maumivu bali unahusu kuta. Gego hutafuna kwa nguvu ya makumi ya kilo, na tundu likila zaidi ya nusu ya upana uliopo baina ya vilele vyake, kuta zinazobaki hupasuka siku moja kwa punje ya mchanga, hata kama kiini ni kizima kabisa.

Na mchanga si neno la kubuni katika nchi hii. Ndagala wa Tanganyika, ambao ndio kitoweo cha maskini na tajiri toka Kigoma hadi Uvira, kwa miaka mingi walianikwa juu ya mchanga wa ufuko, na mlaji aliwaosha kwa maji mara tatu na bado akasikia kusagika chini ya gego. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kueneza katika ufuko wa Burundi vichanja vya waya vilivyoinuliwa juu ya ardhi, na faida iliyosemwa zaidi ilikuwa bei nzuri na samaki wachache kuoza wakati wa mvua. Faida ya meno haikutajwa sana, nayo si ndogo, kwa kuwa kitoweo kisicho na changarawe ni rehema kwa kila ukuta wa jino uliodhoofika. Ama kuhusu sukari, kosa la watu wa mwambao haliko zaidi katika wingi wake kwa jumla bali katika mara zinazorudiwa: chai tamu alfajiri, andazi na chai saa nne, soda mchana, muwa wa kutafuna njiani, na chai tena jioni, hata mate yakakosa saa moja ya kufanya kazi yao.

Wako wasemao kwamba kung'oa ni nafuu, na kwamba mtu mwenye meno zaidi ya ishirini hafi kwa kukosa moja. Hesabu hiyo ina upungufu. Gego likiondoka, lile la juu yake hushuka kutafuta mwenzake, majirani huinama kuelekea pengo, chakula hunasa mahali ambapo hakikuwa kikinasa, na baada ya miaka michache uozo huanza upya katika jino lililokuwa zima. Kulirudisha jino lililong'olewa, kwa meno ya bandia au kwa daraja linaloshikizwa katika majirani, hugharimu mara nyingi zaidi ya kuliziba lilipokuwa bado lina uhai. Koleo lina mahali pake, nalo huokoa maisha pale usaha unapoenea shingoni. Ila lisiwe jibu la kwanza kwa jino lenye tundu tu.

Sasa tuingie katika njia zenyewe. Karne nzima iliyopita ilitawaliwa na fikra za Greene Vardiman Black wa Chicago, aliyechapisha kitabu chake kikubwa cha upasuaji wa meno mwaka 1908, na ambaye alifundisha kwamba tundu lipanuliwe mpaka lifike mahali ambapo uozo haungerudi, hata kama kwa kufanya hivyo dentini nzima ingekatwa. Katika zama zake ilikuwa hekima, kwa sababu kizibo cha siku hizo hakikushikamana na jino. Kilijengewa shimo lenye kona na mdomo mwembamba ili kisitoke. Leo wataalamu wengi wamegeuka. Hukata kidogo iwezekanavyo, na pale tundu linapokaribia kiini, huacha kwa makusudi tabaka jembamba la dentini laini juu yake, wakisafisha kwa ukamilifu kingo tu. Kwa maana imethibitika kwamba vijidudu vilivyofungiwa chini ya kizibo kisichopitisha kitu hukosa chakula, na uozo husimama. Kizibo huharibikia pembeni kabla ya kuharibikia katikati, kama vile mtumbwi wa mbao unavyoingiza maji katika maungio wala si katika ubao wenyewe, na fundi wa kalafati ajuaye kazi yake hutazama maungio kwanza. Kila njia nitakayoitaja inapasa kupimwa kwa jambo hilo: inashikamana vipi na ukingo wa jino, na nani atakayekarabati ukingo huo utakapofunguka.

Amalgamu ndiyo kongwe, na wazee wengi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na wa Rumonge wanayo vinywani mwao bila ya kujua jina lake: kile kizibo cha rangi ya risasi kilichodumu tangu ujana. Ni mchanganyiko wa fedha, bati na shaba uliosagwa pamoja na zebaki, na karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Sifa zake si za kupuuzwa. Huvumilia unyevu wa mate, hustahimili kutafuna, na huweza kudumu miaka kumi na zaidi kwa bei ndogo. Lakini Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika Agosti 2017, umeielekeza dunia kuiacha, na mwaka 2022 nchi wanachama ziliafikiana isitumike kwa meno ya watoto wala kwa wanawake wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa tabibu akiona dharura. Umoja wa Ulaya uliizuia kwa watu wote tangu Januari 2025. Watu wa Rumonge wana sababu yao wenyewe, iliyo kubwa kuliko ya Ulaya. Tanganyika humwaga maji yake kwa mto mmoja tu, Lukuga ulioko Kongo, na sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa mvuke. Kinachoingia katika ziwa hili hukaa humo kwa muda mrefu mno. Zebaki inayosukutuliwa na kutemwa katika beseni lisilo na kichujio hufuata mtaro hadi ziwani, na ziwani ndiko samaki wa mukeke na ndagala wanakotoka. Nchi nne za ziwa, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulihifadhi mwaka 2003, na mamlaka yake ina makao Bujumbura. Si haki wala si busara kwa tabibu wa ufukoni kuanzisha leo njia inayohitaji kichujio asichokuwa nacho. Mwenye kizibo cha zamani kilicho imara asikimbilie kukitoa, kwa kuwa kukikwangua hutoa mvuke mwingi zaidi wa zebaki kuliko kukiacha.

Baada yake imekuja kompoziti, yaani utomvu uliotiwa chembe za kioo, wenye rangi ya jino, ambao huwezekana kwa sababu ya ugunduzi wa Michael Buonocore mwaka 1955 kwamba asidi kidogo iliyopakwa juu ya enameli huikwaruza kiasi cha utomvu kushika. Rafael Bowen aliutengeneza utomvu wenyewe katika miaka iliyofuata, na taa ya buluu ya kuugandisha ikaja baadaye. Kwa jino la mbele lililomeguka hakuna kitu kinacholingana nayo kwa uzuri, na kwa gego lenye tundu la wastani hudumu miaka kumi na zaidi mikononi mwa fundi. Sharti lake ni ukavu. Tone moja la mate katika ukingo ambao asidi imeupita, na mshiko umekwisha. Na kizibo hujengwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka milimita mbili tu, kwa taa, kwa upepo, na kwa bomba la kunyonya mate. Vyote hivyo vyataka umeme usiokatika na fundi asiye na haraka. Katika Bujumbura wapo wanaoweza. Mtu wa Rumonge aliye na uwezo wa safari ya kilomita sabini na ushei, na ambaye jino lake ni la mbele au lina tundu la nyuso mbili, lipitalo baina ya jino na jino, afunge safari hiyo. Lakini njia yenyewe si kitu cha kumkabidhi muuguzi wa kituo cha afya kilicho mbali na nguzo za umeme, wala si cha kutegemewa katika miezi ambayo petroli inaadimika, kama ilivyoadimika mara kwa mara nchini Burundi tangu 2021.

Njia ya tatu ndiyo inayonivutia kuliko zote, na nitakaa kwayo. Haikuzaliwa Ulaya, ilizaliwa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, wakati tabibu Mholanzi Jo Frencken alipokuwa katika chuo cha meno cha Dar es Salaam na kukabiliwa na swali lile lile la Rumonge: mgonjwa yuko kijijini, umeme haupo, kiti chenye mashine ya kukeketa hakipo, ilhali tundu lipo. Jibu lilikuwa kuacha mashine kabisa. Tundu lisafishwe kwa mkono, kisha lizibwe kwa saruji ya glasi ayonoma, ambayo Alan Wilson na Brian Kent waliivumbua London mwishoni mwa miaka ya 1960. Saruji hii hushikamana yenyewe na madini ya jino, hustahimili unyevunyevu kuliko kompoziti, na hutoa floridi kidogo kidogo katika ukingo, yaani pale pale ninaposema kizibo huharibikia. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani iliyowekwa kwa ajili ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza tiba hii mbele ya ulimwengu.

Mtazame muuguzi akiifanya. Mgonjwa hulala juu ya meza au benchi, kichwa kikielekea dirisha lenye mwanga. Vipande vya pamba huwekwa baina ya shavu na gego. Kwa chombo kidogo chenye makali kama shoka la kitoto, muuguzi huvunja kingo nyembamba za gamba zilizobaki juu ya pango, kisha kwa kijiko kidogo kuliko punje ya mchele hukwangua dentini iliyooza, ambayo hutoka kwa vipande vilaini vya rangi ya kahawia, akianzia pembeni na kumalizia chini, na akisimama inapokuwa ngumu au inapokaribia kiini. Mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki, kwa kuwa kinachoondolewa kimekwisha kufa. Huosha tundu kwa pamba na maji, hupaka asidi nyepesi kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, huosha tena na kukausha. Hapo huchanganya unga na majimaji juu ya karatasi, mara moja na kwa haraka, hujaza tundu pamoja na mifereji ya jino iliyo jirani, na hukandamiza kwa kidole cha glavu kilichopakwa vaselini. Mgonjwa huuma, ziada hukatwa, na huambiwa asile kwa saa moja.

Katika meno ya kudumu, vizibo vya namna hii vya uso mmoja, takriban vinane katika kumi husimama baada ya miaka mitano. Vya nyuso mbili hufeli mapema zaidi, na hapo tabibu mkweli humwambia mgonjwa kwamba kizibo hiki kitarudiwa. Saruji hii ni dhaifu kuliko kompoziti katika kutafuna. Nami nasema kizibo dhaifu kidogo kinachorudiwa kwa mkono karibu na nyumbani ni bora kuliko kizibo kizuri kisichopatikana. Palipo na mtoto asiyetulia, au tundu lisilosafishika, ipo pia dawa ya maji ya floridi yenye fedha, ambayo hupakwa kwa kijiburashi na kuusimamisha uozo bila ya kukwangua. Aibu yake ni kwamba huacha sehemu iliyooza nyeusi tititi, na mzazi hana budi kuonyeshwa jambo hilo kabla, si baada.

Taji, yaani kofia inayolifunika jino zima, huombwa na wengi kwa sababu isiyo ya tiba. Mwambao wote, toka Zanzibar hadi Ujiji, umependa meno ya dhahabu kuwa pambo na dalili ya neema, na mapenzi ya dhahabu kinywani ni ya zamani sana: Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Qurtuba, katika zama za karne ya 10, aliandika jinsi ya kuyafunga meno yaliyolegea kwa waya wa dhahabu. Dhahabu kwa hakika ni rafiki wa jino, kwa kuwa hulainika chini ya jino la pili wala jino hilo haliliwi nayo. Ila taji lolote lina bei yake ndani ya kinywa. Kulitayarisha jino kwa taji la kauri lililochomewa juu ya chuma huchukua karibu theluthi mbili za sehemu yake inayoonekana, na baadhi ya meno yaliyokuwa hai hufa baadaye chini ya taji zuri. Kwa hiyo jino lililoharibika kiasi lisipewe taji kwa fahari; lipewe pale kuta zilipobaki nyembamba au zilipopasuka, au mzizi ulipokwisha kutibiwa, na hata hapo kipande kinachofunika vilele tu mara nyingi hutosha. Kwa meno ya utoto jambo ni jingine: tabibu wa Scotland, Norna Hall, alionyesha kwamba kofia ya chuma iliyotengenezwa tayari yaweza kubanwa juu ya gego la mtoto bila ya kukata wala kukeketa, na matokeo yake yamekuwa mema kupita vizibo vingi.

Ni jambo la kutafakari kwamba mwaka 1985, katika Zürich, Werner Mörmann alimwekea mgonjwa wa kwanza kipande cha kauri kilichochongwa na kompyuta pembeni mwa kiti, na katika miaka ile ile Dar es Salaam wenzake walikuwa wakiitupa mashine ili wavifikie vijiji. Njia zote mbili zimeendelea. Iliyotoka Uswisi imeshusha muda wa kazi kwa wenye nacho; iliyotoka Tanzania ndiyo yenye nafasi ya kuufikia ufuko huu, nao hadi leo umeitumia kwa uchache.

Sababu ya uchache huo si unga wala kijiko. Katika kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani madaktari wa meno ni takriban 3.3 kwa kila watu 100,000, na walio wengi hukaa katika miji mikuu. Mtu wa Rumonge hatapata daktari kwa kungojea. Muuguzi aliyefunzwa ndiye atakayempata, na mafunzo haya si ya miaka. Ni ya majuma, yakifuatwa na usimamizi. Kuna pia taksiri nyingine ya mpango, nayo inaniuma. Tangu Mei 2006 Burundi imewatibu bure watoto walio chini ya miaka mitano, na hiyo ni sifa kubwa kwa nchi maskini. Lakini gego la kwanza la kudumu huota mtoto anapofika miaka sita, nyuma kabisa ya meno ya utoto, kimya, bila ya jino lolote kung'oka kwanza, hata mzazi akalidhani ni la utoto na kusema litaanguka lenyewe. Gego hilo ndilo litakalobeba kutafuna kwa maisha yote, nalo huja mara tu mlango wa bure ukishafungwa. Naiomba Wizara ya Afya iuongeze umri huo kwa jambo hili moja, yaani kulikagua na kuliziba gego la miaka sita, na nawaomba walimu wa madrasa na wa shule za msingi za Rumonge wawatazame watoto vinywani kwa mwanga wa jua mara moja kwa mwaka. Anayeweza kusoma herufi ndogo aweza kuliona tundu.

Kwa mtu mzima mwenye gego lililotoboka, hukumu yangu ni hii. Likisisimka tu na kutulia, na ukuta wake ni mnene, lizibwe kwa saruji katika kituo kilicho karibu, wiki hii na si baada ya mavuno ya mawese. Likiwa ni la mbele au tundu ni la nyuso mbili, apelekwe Bujumbura kwa kompoziti akiweza, na asipoweza lizibwe kwa saruji akijua litarudiwa. Taji lingoje mpaka ukuta uwe umelidai. Ama wakuu wa hospitali na vituo vya afya vya ufuko huu, wajue kwamba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka saruji ya glasi ayonoma katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi na ile ya floridi yenye fedha, na kwamba haihitaji umeme, wala jokofu, wala kiti cha mashine. Kukosekana kwake katika kabati la kituo cha afya hakuna udhuru tena.